Ila za Lenzi ya Zumu

Maongezi ya jioni hii yanahusu chombo ambacho siku hizi hakikosekani katika arusi, wala katika mkutano wa hadhara, wala katika mashindano ya ngalawa, nacho ni lenzi ya zumu: ile lenzi ndefu ambayo mpiga picha, akiwa amesimama mahali pamoja, huizungusha kwa vidole na kwa tendo hilo akamleta karibu bibi arusi aliye mwisho wa ukumbi, au akaurudisha nyuma umati wote uingie katika picha moja. Watu wengi huijua kwa kazi yake, wachache huijua kwa umbo lake la ndani. Na kwa kuwa ni chombo cha thamani, ambacho aghalabu hununuliwa kwa akiba ya muda mrefu, na mara nyingi kikiwa kimekwisha kutumika ng'ambo kabla ya kufika mikononi mwetu, nimeona si vibaya robo saa hii tuitumie kuzitazama ila zake.

Shauri langu nitalitoa mapema, ili msikilizaji aliye na haraka alipate kabla hajaondoka kando ya redio. Ila nyingi za lenzi hizi huanza ndogo, na hujitangaza kwa kidole na kwa sikio kabla ya kuonekana katika picha. Na kinachozikuza hata zikawa maangamizi, mara nyingi kuliko mchanga na kuliko chumvi, ni nguvu za mwenyewe. Anayeyafahamu yaliyo ndani hutumia nguvu kidogo, na kwa sababu hiyo naomba subira yenu kwa maelezo mafupi ya umbo.

Wapiga picha wa zamani wa Unguja, kina Gomes wa karne ya 19, na baada yao Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, walifanya kazi kwa lenzi za urefu mmoja: aliyetaka uso uwe mkubwa alisogeza kamera, au alimwomba aliyeketi asogeze kiti. Lenzi kama hizo zina machache ya kuharibika, maana vioo vyake vyote husogea pamoja, mbele na nyuma, kwa ajili ya fokasi tu. Zumu ilianza katika senema na televisheni, na kwa kamera za picha mnato za filamu ya milimita 35 ilikuja mwaka 1959, pale Voigtländer ya Ujerumani ilipoitoa Zoomar ya milimita 36 hadi 82, iliyobuniwa na Frank Back. Kisha mwaka 1963 Wajapani wa Nikon wakatoa ile ya milimita 43 hadi 86. Tangu hapo vioo vikagawanyika katika makundi, na kila kundi likapewa mwendo wake: moja husogea ili kukuza sura ya kitu, jingine husogea kwa kadiri nyingine ili sura hiyo isipotee katika ukungu, na mahesabu ya miendo hiyo miwili ni lazima yalingane katika kila nukta ya safari.

Mahesabu hayo hayakuandikwa mahali pengine ila katika chuma na plastiki. Ndani ya lenzi mna mabomba mawili, moja limevaa jingine. Moja lina mifuo iliyonyooka, na la pili lina mifuo iliyopinda, na pini zilizofungwa katika kundi la vioo hupita katika mifuo yote miwili kwa pamoja. Ukizungusha pete ya nje, mfuo uliopinda huisukuma pini, na mfuo ulionyooka huikataza isizunguke, basi haina njia ila kwenda mbele au kurudi nyuma. Pini hizo huvishwa bushi ndogo, nyingi za plastiki au shaba, ili ziteleze bila kelele, na nafasi iliyoachwa baina ya bushi na kuta za mfuo ni ndogo mno hata jicho halioni. Msikilizaji akiliweka hili moyoni, yatakayofuata yote yatamwelea.

Kwa niliyoyaona katika vibanda vya mafundi wa miji yetu ya pwani, malalamiko ya kwanza ni kwamba pete imekuwa nzito. Uzito huo si wa namna moja, na asiyeupambanua hutibu homa kwa dawa ya jino. Ikiwa pete ni nzito sawasawa tangu mwanzo wa mzunguko hadi mwisho, wala hapana sauti, yamkini grisi imezeeka ikaganda. Lenzi ya namna hii haina hatari ya leo wala ya kesho, hudai tu kuoshwa grisi kuukuu na kupakwa mpya, na mwenyewe anaweza kuitumia kwa upole mpaka apate ujira wa fundi. Ikiwa ni nyepesi, kisha ikafika mahali pamoja ikagoma, na ikipita hapo ikawa nyepesi tena, basi kuna kilichopinda au kilichopasuka: bomba lililopata kugongwa, au bushi iliyovunjika na kuiacha pini ikisugua mfuo kwa chuma kitupu. Ikiwa leo hugoma hapa na kesho pale, na ukiitikisa taratibu karibu na sikio unasikia kitu kikicheza, kuna parafujo iliyofunguka inayotembea ndani bila makazi, na kila mzunguko unaoongeza ni nafasi unayoipa ijikite katika mfuo au ikwaruze kioo. Hapa nataja hali moja ya tofauti, maana imewatia hofu watu wasio na hatia: lenzi zenye mtambo wa kutuliza mtikisiko wa mkono hugongagonga kidogo umeme ukiwa umezimwa, kwa kuwa kundi moja la vioo vyake limeachwa lielee kwa makusudi. Sauti hiyo ni ya tabia yake, si ya maradhi.

Lakini ikiwa unachosikia ni mkwaruzo, mlio mkavu unaofuatana na kidole kila kinapokwenda, huo ni mchanga, na juu ya mchanga sina budi kukawia. Lenzi inayorefuka hutoa bomba lake la ndani nje, huliacha wazi kwa upepo wa bahari, kisha huliingiza tena. Na chochote kilicholigusa lilipokuwa nje hualikwa ndani linaporudi. Katika ufuo wa Nungwi au Watamu, msimu wa kusi unapovuma, punje hazihitaji lenzi ianguke: hupanda zenyewe na kukaa juu ya bomba lenye utelezi wa jasho la mikono. Punje moja ikishapita chini ya ukingo huingia katika nafasi ambayo ni ndogo kuliko unene wake, ikakwaruza rangi, ikaila bushi, na unga unaotokana na kusagana huko ukachanganyika na grisi ukawa kinu kinachosaga mchana na usiku.

Dawa yake ya kwanza ni kuacha. Ukisikia mkwaruzo lenzi ikiwa imerefuka, iache imerefuka, hata kama haiingii mkobani. Ifunike kwa kitambaa safi uende nayo hivyo hivyo. Ukifika mahali pasipo na upepo, ishike mdomo wake ukielekea chini, pitisha brashi laini iliyo kavu kuzunguka ukingo ambako bomba hutokea, na upulize kwa kile kipulizo cha mpira kinachobanwa kwa mkono, ili kinachoanguka kianguke chini, kisirudi ndani. Usipulize kwa mdomo, kwani pumzi ina mate. Wala usiende kwa jamaa wa gereji kuomba pampu ya kujazia magurudumu, maana upepo wa nguvu ile huzifikisha punje mahali ambapo zenyewe zisingefika kwa mwaka mzima. Rashasha za maji ya bahari zifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo tu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ufute kwa kikavu. Na kama baada ya hayo yote mkwaruzo bado upo, basi punje zimekwisha kupita, na kuanzia hapo kazi si yako.

Hapo ndipo linapotokea kosa ambalo mafundi hulilia kuliko jingine lolote. Mwenye lenzi, kwa kuona kwamba kitu kinachokwama hulainishwa, huchukua mafuta ya cherehani akatia tone moja kwenye ukingo wa pete. Na kwa siku chache huiona imepona, akawashauri na wenzake. Lakini mafuta mepesi hayakai yalipowekwa. Hutambaa juu ya chuma, hasa katika joto letu, hata yakafika kwenye kiwambo, yaani zile bati nyembamba zinazopishana kufungua na kufunga tundu la mwanga. Katika kamera zenye kioo cha kuakisi, kiwambo hukaa wazi muda wote mpiga picha anapotazama, na hujifunga ghafula picha inapopigwa, katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Bati zikiwa na mafuta hugandamana, zikachelewa, na picha ikatoka imejaa mwanga kuliko ilivyokusudiwa. Alama yake ni kwamba picha zilizopigwa tundu likiwa wazi kabisa ni nzuri, na zile za tundu dogo, f/11 au f/16, zimeungua kwa weupe. Mwenyewe huilaumu kamera, akaenda kuibadilisha, na lenzi mbovu akaivika kamera mpya.

Insafu yataka niseme kwamba mafuta hayo huweza pia kutoka ndani ya lenzi yenyewe. Gari lililofungwa madirisha na kuachwa juani huitenga grisi na mafuta yake, na mafuta yakishatengana hushuka kwenda kiwambo kwa njia ile ile. Lenzi za zamani zilizo na kijiti cha kuendeshea kiwambo hupimwa kwa urahisi: zielekeze kwenye mwanga, sukuma kijiti, achia, utazame kama bati zinarudi kwa wepesi au zinajivuta. Zinazojivuta zimekwisha kulowa.

Siku moja, nikiwa nimeketi katika kibanda cha fundi huko Kariakoo, aliingia kijana mwenye adabu, akaamkia, akaweka mezani bakuli la plastiki. Ndani ya bakuli mlikuwa na lenzi yake, au tuseme mlikuwa na vilivyopata kuwa lenzi: mabomba, pete, kamani moja, parafujo za saizi zote zimechanganyika, na vile vipande vyembamba vya bati ambavyo kiwandani huwekwa chini ya kioo kimoja kimoja kukisawazisha. Ilikuwa imeingia mchanga, akasema, akaamua kuifungua mwenyewe. Fundi aligeuza bakuli upande huu na upande huu, akavua miwani, akamwambia, "Mwanangu, ungeniletea mchanga ningeutoa. Umeniletea fumbo." Kijana akauliza, "Haitengenezeki, mzee?" Fundi akajibu kwamba kutengenezeka itatengenezeka, ila ujira wa kutafuta kila bati na mahali pake utapita bei ya lenzi nyingine ya namna hiyo, na yeye haoni haya kulisema hilo kabla ya kupokea fedha.

Kilichomkosesha kijana yule si ujasiri, kwa sababu lenzi hufunguliwa na binadamu kama yeye. Ni kukosa mambo mawili ya elimu. La kwanza ni kwamba vipande vya kusawazishia havifanani ijapokuwa vinaonekana kufanana, na kila kimoja kina pahala pake. Fundi mwenye kuijua kazi hutia alama kila pete kabla ya kuiondoa, na siku hizi hupiga picha kila hatua kwa simu. La pili ni bisibisi. Parafujo za lenzi za Kijapani zina msalaba kichwani, lakini msalaba wao umechongwa kwa kipimo chao, na bisibisi ya kawaida ya dukani, iliyochongwa kwa kipimo cha Kimagharibi, haikai chini kabisa: hupanda, huteleza, ikaila parafujo mdomo. Bisibisi za kipimo cha Kijapani zinauzwa, na si ghali zikilinganishwa na hasara zinayoizuia. Fundi asiyekuwa nazo simpi lenzi yangu hata kama anafahamika mji mzima.

Ila nyingine ni kinyume cha ile ya kwanza, ya pete nzito: lenzi imekuwa nyepesi kupita kiasi, hata ukiielekeza chini hujirefusha yenyewe kwa uzito wa vioo vya mbele, na ukiielekeza juu hujikunja. Huonekana sana katika lenzi za kizamani za kusukuma na kuvuta, ambazo pete moja hufanya kazi mbili, na katika zile za safari ndefu kama milimita 18 hadi 200. Ndani yake kuna utepe au kitambaa kilichowekwa ili kutia msuguano wa kiasi, nacho kwa miaka hulika. Si ila ya kukosesha usingizi. Mwenye kupiga picha kwa mkono huishika pete kwa vidole na hapana linaloharibika. Mwenye kutumia stendi ya miguu mitatu, kwa picha za usiku zinazokaa wazi kwa sekunde nyingi, ataivisha mpira mpana wa kufungia noti, nusu juu ya pete na nusu juu ya mwili usiozunguka, na kazi itakwenda. Watengenezaji wengi wameweka swichi ya kuifunga lenzi ikiwa fupi. Itumieni mnapotembea, na kumbukeni kuifungua, maana nimeona watu wakipigana na pete iliyofungwa kwa swichi hiyo hata wakavunja kilicho ndani, kisha wakadai kwamba lenzi ilikwama.

Lenzi za leo zinazotumia umeme zina utepe mwembamba wa waya unaopeleka umeme kwa kiwambo na kwa mtambo wa fokasi, na utepe huo hujikunja na kujikunjua kila zumu inapozungushwa. Baada ya miaka ya kazi huchanika mahali pa mkunjo. Ishara yake ni ya hila: lenzi hufanya kazi vema ikiwa fupi, na ikirefushwa kamera huandika hitilafu, au hukubali tundu likiwa wazi kabisa, na ukilipunguza tu hukataa. Kabla ya kukata tamaa, vua lenzi, ufute vile vidoto vya shaba nyuma yake kwa kitambaa kikavu kisafi, kwani uchafu hapo huleta malalamiko yaliyo karibu sawa. Ikiwa hitilafu hufuata urefu wa zumu, utepe umekwenda, na ni fundi wa kuubadilisha. Kipuri chenyewe si ghali, ghali ni mkono unaojua kukifikia.

Nafika kwa lenzi iliyoanguka. Ikianguka ikapinda ukingo wa mbele wa kufungia filta, watu huhuzunika kwa pigo hilo lionekanalo, na kumbe ndilo dogo. Kubwa ni lisiloonekana: kundi la vioo hukalia pini tatu kama chungu kinavyokalia mafiga matatu, na pini moja ikishuka unywele mmoja tu, vioo vyote huinama upande. Picha ya lenzi iliyoinama ni kali upande mmoja na upande wa pili imefifia, na mwenyewe hudhani fokasi ndiyo mbovu. Ijaribuni hivi: bandikeni ukurasa wa gazeti ukutani, bila kujikunja, mweke kamera mbele yake sawasawa juu ya stendi, mpige picha zumu ikiwa fupi na ikiwa ndefu, kisha mlinganishe pembe nne. Pembe moja ikiwa na ukungu, pigeni tena kamera ikiwa imepinduliwa juu chini. Ukungu ukihamia upande mwingine wa gazeti, ila ni ya lenzi, na usipohama ni ukuta au stendi iliyokaa mshazari. Kusawazisha vioo ni kazi inayohitaji vipimo ambavyo mafundi wa vibandani wengi hawana, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo.

Mpira wa pete uliolegea na kutanuka kwa jasho, hilo ni jambo dogo: utolewe, ubadilishwe, au uwekewe chini yake utepe wenye gundi pande mbili. Parafujo za shingo, pale lenzi inaposhikana na kamera, hulegea kwa wanaosafiri katika barabara za makorongo, na dalili yake ni lenzi kucheza ikishikwa. Zikazwe mapema kwa bisibisi yake, kabla moja haijaangukia ndani ya kamera. Vumbi ndani ya vioo, ambalo lenzi inayorefuka hulivuta kwa kuwa huvuta hewa kila inaporefuka, liacheni lilipo: punje chache hazionekani katika picha, na kumlipa mtu afungue lenzi nzima kwa ajili yazo ni kununua ila kwa fedha. Lakini kuvu msiiache. Huota vioo vikikaa gizani katika unyevu, na unyevu wa hewa ya pwani yetu hupita asilimia 70 mara nyingi. Basi lenzi isilale katika mkoba wa ngozi, bali ilale katika chombo kinachofungwa barabara pamoja na silika jeli, ile inayogeuka kutoka buluu kuwa waridi ikishiba maji, nayo hukaushwa kwa moto mdogo ikatumika tena.

Limebaki la soko, kwa wale watakaokwenda kununua lenzi iliyotumika. Usiangalie kioo kwanza, kwani muuzaji amekwisha kukifuta. Zungusha pete polepole, mara ya kwanza ukisikiliza, mara ya pili ukiyafumba macho ili kidole kiseme peke yake. Ishike mdomo wake chini uone kama inateremka. Ijaribu katika kamera yako ikiwa fupi na ikiwa ndefu, tundu likiwa wazi na likiwa dogo. Kisha igeuze utazame parafujo za shingo. Zikiwa na midomo iliyoliwa, mkono usiojua umekwisha kuingia humo kabla yako, na lenzi hiyo irudishe mezani hata ukiambiwa bei ni nusu.